Binti wa Lorugum na Elimu ya Kwantamu



Mama mmoja aishiye Lorugum, magharibi ya Lodwar, ametuuliza maswali mawili. Bintiye amemaliza kidato cha nne na ana hamu ya kujifunza kuandika programu za kompyuta za kwantamu. Je, ni lazima ampeleke mbali? Na elimu hii, isemayo kuwa vitu viwili hufungamana hata vikitengana, haiingilii mambo ya ghaibu?

La kwanza ni jepesi. Mwanafunzi haihitaji mashine yenyewe. Kompyuta ya kawaida yaweza kuiigiza. Kila kyubiti inayoongezwa huzidisha hesabu maradufu: kyubiti 2 zahitaji namba 4, ilhali kyubiti 30 zahitaji zaidi ya bilioni moja. Binti ataanza na 2. Akifika Lodwar apakue Qiskit, programu ya bure iliyotolewa na IBM mwaka 2017. Nyumbani ataiendesha bila ya intaneti.

Aanze na kyubiti mbili zenye sifuri. Ya kwanza aipitishe katika lango la Hadamard, kisha aziunganishe kwa lango la CNOT. Akirudia kupima mara 1000, takriban nusu atapata 00 na nusu 11; hatapata 01 wala 10. Huenda akasema kuwa hata viatu vilivyotengwa visandukuni huafikiana hivyo: ukikiona cha kulia, wakijua cha kushoto. Basi kabla ya kupima, azipitishe zote mbili katika Hadamard. Jozi iliyofungamana itaafikiana vilevile. Jozi zilizopangwa kwa kura tu, ama 00 ama 11, zitatoa majibu yote manne kwa usawa. Tofauti hiyo ndiyo mfungamano.

Ama la pili, kyubiti moja peke yake hutoa jibu la bahati, kama sarafu irushwayo; haipeleki habari popote. Mwafaka hudhihirika majibu mawili yanapolinganishwa. John Bell alionyesha mwaka 1964 jinsi ya kuupima, na mwaka 2022 Aspect, Clauser na Zeilinger walitunukiwa Nobel kwa majaribio yao. Basi hii si ramli. Ni kanuni ya maumbile ipimwayo. Na anayeuza tiba kwa jina la kwantamu asisadikiwe.

Mama yetu, mpe binti kompyuta, daftari na saa ya utulivu baada ya Alasiri. Safari ikija, ataondoka akijua anachokifuata.

Wabillahi tawfiq.