Mbwa wa Zizi: Kumhasi au Kumwacha?

Swali la juma hili limeletwa na familia moja ya wafugaji wa mbuzi, nayo imegawanyika juu ya jambo lenyewe. Baba ana mbwa dume wa miaka mitatu anayelinda zizi usiku. Tangu mwaka jana mbwa huyo amezoea kutoroka kila jike wa jirani anapoingia joto. Hupotea siku mbili au tatu, kisha hurejea na majeraha ya kung'atwa, na katika moja ya siku hizo zizi lilivunjwa, mbuzi wanne wakachukuliwa. Baba anataka ahasiwe. Kijana wake, anayesoma fiqhi, amemwambia kuwa hilo ni haramu na akamfungulia kitabu. Mama anauliza jambo la tatu: akishapasuliwa, nani atamwuguza, na twahara ya nyumba itakuwaje?

Tuanze na kijana, maana hakukosea kusoma. Imamu Nawawi, katika sharhi yake ya Sahihi Muslim, amenakili kauli ya Imamu Baghawi kwamba mnyama asiyeliwa ni haramu kumhasi, na yule anayeliwa huruhusiwa angali mdogo. Hiyo ndiyo kauli mashuhuri ya madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tumelelewa nayo. Wanaokataza huitaja pia aya ya 119 ya Suratun Nisaa, inayozungumzia kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu kwa amri ya shetani, na baadhi ya wafasiri wa mwanzo walikuhesabu kuhasi kuwa miongoni mwake. Baba asimkemee mwanawe kwa kumletea maneno haya.

Hata hivyo, kitabu kimoja si fiqhi yote. Mahanafi wameruhusu kuhasi wanyama penye manufaa au kuondoa madhara, na vitabu vyao vimemtaja hata paka, ambaye haliwi. Katika zama zetu, Sheikh Muhammad bin Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, aliulizwa kuhusu paka waliozidi na kuleta udhia. Akajibu kuwa hakuna ubaya kuwafanyia upasuaji huo iwapo hauwadhuru, kwani ni bora kuliko kuwaua. Nasi tunaona hoja hiyo ina uzito hapa kwetu, ambako watoto wa mbwa wasiotakiwa hutiwa kwenye viroba na kutupwa jalalani, na wakikua mitaani hulishwa sumu. Anayeona kuhasi ni ukatili na auweke ukatili huo pembeni ya huu mwingine.

Kuna nukta nyingine ambayo kijana hakuigusa. Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim imeeleza kuwa mwenye kufuga mbwa hupungukiwa thawabu kila siku, isipokuwa mbwa wa mifugo, wa shamba au wa kuwinda. Familia hii imo ndani ya ruhusa hiyo kwa sababu ya mbuzi wao. Lakini mbwa asiyelala zizini analinda nini? Manufaa yaliyohalalisha kufugwa kwake ndiyo hayo yanayopotea anapotoroka, na kumrejesha kwenye kazi yake si anasa.

Kwa hiyo tunachukua kauli ya wanaoruhusu, kwa masharti mawili: pawe na haja ya kweli, na mnyama asiteswe. Sharti la pili linawafungia mlango wale wanaohasi mbwa kwa wembe huku ameshikiliwa na vijana wanne, na wale wanaotumia koleo la kuhasia madume ya ng'ombe. Huko ni kutesa, na hakuna mwanachuoni wa kukuhalalishia. Anayetaka kubaki katika kauli ya madhehebu yake naye asilazimishwe. Na ajenge uzio imara na amfunge mbwa kwa mnyororo mrefu, wenye kivuli na maji, siku jike wa jirani anapokuwa na joto. Iko hali moja ambayo haistahili mabishano: mbwa ambaye korodani yake moja haikushuka. Korodani iliyobaki tumboni ni rahisi zaidi kushikwa na saratani, na kuiondoa ni tiba.

Sasa, baba atarajie nini? Kuhasi hupunguza hamu ya kufuata majike, na kwa mbwa wengi kutangatanga hupungua sana. Mapigano ya kugombea majike nayo hupungua. Hupungua pia hatari ya kupata uvimbe wa saratani wa sehemu za siri, unaoenezwa mbwa wanapopandana na ambao ni wa kawaida kwa mbwa wa mitaani. Dalili yake huwa ni matone ya damu yasiyokoma. Korodani zikiondolewa hakuna saratani yake, na tezi dume ya uzeeni haivimbi kama ambavyo ingevimba.

Lakini mbwa mkali kwa sababu ya woga au kwa kupigwa hatapozwa na kisu, na wengine huzidi. Kubweka na kulinda havitoki korodanini, hivyo wezi wasifurahi. Mbwa wa umbo kubwa akihasiwa kabla ya kutimiza mwaka huweza kupata matatizo ya viungo, ndiyo maana madaktari wengi hushauri asubiriwe akomae kwanza. Mbwa wa familia hii ameshavuka umri huo. Jingine ambalo watu hulichanganya: kuhasi si chanjo. Mbwa aliyehasiwa huugua kichaa cha mbwa sawasawa na mwingine, kwa hiyo achanjwe, na chanjo irudiwe kwa wakati wake.

Kazi yenyewe ifanywe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Aulizwe mapema kama atatumia nusu kaputi na dawa ya maumivu. Akisema si lazima, atafutwe mwingine. Usiku wa kuamkia upasuaji mbwa asipewe chakula, kwa saa atakazoeleza daktari, ili asitapike akiwa usingizini. Kwa kawaida hupasuliwa mara moja, mbele kidogo ya pumbu, korodani zote mbili zikatolewa, na siku hiyohiyo akarudi nyumbani.

Tumjibu mama. Usiku wa kwanza mbwa atapepesuka na kulala sana. Alazwe bandani, pakavu, juu ya gunia safi, mbali na mvua na mbali na mbuzi wenye pembe. Hahitaji kuingizwa ndani mnamoswaliwa. Jioni apewe maji na chakula kidogo. Anayemhudumia avae glavu na nguo ya kazi. Kwa sisi Mashafi, kilichoguswa na mate au unyevu wa mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kumgusa kwa haja ya kumtibu si dhambi, ni suala la kutwaharika tu kabla ya swala. Na tukumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) ametusimulia habari ya mtu aliyesamehewa kwa sababu ya kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Asipewe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hazikosi katika nyumba zetu, zinaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo zake. Parasetamoli nayo si salama kwake. Apewe zile za daktari tu.

Adui mkubwa wa mshono ni ulimi wa mbwa mwenyewe. Wazee husema mate ya mbwa ni dawa ya kidonda chake. Katika mshono, kulamba hufumua nyuzi na kuingiza vijidudu. Avishwe kola pana ya plastiki shingoni. Isipopatikana, ndoo ndogo ya plastiki iliyotobolewa kitako na kulainishwa kingo hufaa, mradi aweze kupumua, kula na kunywa. Kwa siku 10 hadi 14 asikimbie, asiruke wala asiogeshwe; atolewe kwa kamba kwenda haja na kurudi. Mshono utazamwe kila asubuhi. Uvimbe mdogo wa siku za mwanzo hauna tatizo. Ukizidi kukua, ukawa wa moto, ukatoa usaha au damu isiyokatika, au mbwa akagoma kula zaidi ya siku moja, arudishwe kwa daktari bila kungoja. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa baada ya muda huohuo, na chakula chake kipunguzwe kidogo, maana mbwa aliyehasiwa hunenepa upesi.

Baba asishangae akimwona bado anataka kutoroka mwezi wa kwanza. Mazoea huchukua wiki kadhaa kufifia, na mbegu zilizobaki mwilini zinaweza kumpa jike mimba katika wiki za mwanzo, kwa hiyo geti lifungwe. Katika wiki hizo mbili za uuguzi zizi litahitaji mlinzi mwingine, na tumeambiwa kijana, pamoja na kitabu chake, amekubali kulala huko.