Mafuta Yakishuka, Mbona Nauli Haishuki?

Kila tarehe 14 ya mwezi wenye magari hutega masikio. Siku hiyo EPRA, shirika la serikali, hutangaza bei mpya za mafuta. Mbona mwezi huu zapanda na mwezi ujao zashuka?

Kwanza, mafuta ya magari yetu huletwa kwa meli hadi Mombasa, nayo hununuliwa kwa dola. Bei ya dunia ikipanda au shilingi ikilegea, dereva wa hapa hulia. Vita vya Ukraine vilipozuka mwaka 2022, moto ule ulituunguza hata sisi.

Pili, kuna kodi. Julai 2023 VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16. Septemba mwaka huo, lita ya petroli Nairobi ikapita shilingi 200. Mwaka 2024 ushuru wa barabara nao ukatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Ushuru huo haupungui hata bei ya dunia ikianguka, ndiyo maana nafuu hutufikia nusunusu.

Lakini kinachonikera hasa ni nauli. Mafuta yakipanda shilingi tano, makanga anaongeza kumi asubuhi iyo hiyo. Yakishuka, ukiuliza unaambiwa, "Si utembee basi!"

Maoni yangu ni haya: kila chama cha matatu kibandike nauli mlangoni, ipande na kushuka pamoja na mafuta. Haba na haba hujaza kibaba. Hizi kumi kumi zetu wanafunzi zinajaza kibaba cha nani?