Wino Uliotangulia Damu

Aghalabu tunapofundisha habari za Uasin Gishu ya mwaka 1903, hueleza jinsi Waingereza walivyotaka kuwapa Wayahudi ardhi ya wenyewe, kisha tukafunga kitabu. Ni haki kulitaja hilo, kwani wenyeji hawakuulizwa. Lakini mwanafunzi akitaka kujua Wayahudi hao walikuwa wakikimbia nini, wengi wetu hujibu: Hitler. Naam, Hitler mwaka huo alikuwa mvulana wa miaka 14!

Jibu liko Bessarabia, jimbo ambalo Urusi ililitwaa mwaka 1812, na ambalo sehemu yake kubwa leo ni nchi ya Moldova. Hesabu ya watu ya mwaka 1897 iliwakuta huko Wayahudi zaidi ya 220,000: mafundi wa cherehani, wachuuzi, wafanyabiashara wa nafaka, hata wakulima wa zabibu na tumbaku. Mjini Kishinev, ambao sasa huitwa Chisinau, walikaribia nusu ya wakazi.

Mapema mwaka 1903 mvulana Mkristo aliuawa katika mji wa Dubossary. Gazeti la Bessarabets, lake Pavel Krushevan, likawatangazia wasomaji kwamba Wayahudi ndio waliomwua ili watumie damu yake katika ibada. Ulikuwa uzushi mtupu. Hata hivyo, sikukuu ya Pasaka ilipowadia mwezi Aprili, makundi ya watu yaliwavamia Wayahudi wa Kishinev kwa siku mbili. Watu 49 waliuawa, wanawake wakanajisiwa, mamia ya nyumba na maduka yakaporwa. Siku ya pili ilikuwa inakaribia kwisha ndipo askari walipoingilia kati.

Agosti mwaka uo huo, mjini Basel, Theodor Herzl aliwafikishia Wazayuni wenzake habari za ardhi ya Uasin Gishu. Ajabu ni kwamba wajumbe wengi kutoka Urusi, hata wa Kishinev, walipinga. Walitaka Palestina. Mpango ukakataliwa kabisa mwaka 1905.

Ningekuwa darasani, somo hili ningelianza na gazeti lile kabla ya kugusa ramani yoyote. Maana Krushevan hakukoma. Miezi michache baada ya mauaji alichapisha, katika gazeti lake la St Petersburg, hati ya kughushi iitwayo Itifaki za Wazee wa Sayuni, ambayo ingali inasambazwa hadi leo. Na mwaka 1907 alichaguliwa kuwa mbunge wa Kishinev.