BIMA: FEDHA ZETU ZAKWENDA WAPI?

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni jambo jema, hatulipingi. Lakini anayelazimishwa kulipa ana haki ya kuonyeshwa hesabu.

Mwalimu wa serikali kule Mufindi hukatwa shilingi 3 katika kila 100 za mshahara wake, na mwajiri huongeza 3. Mkulima wa viazi wa Uyole hana mwajiri. Hutoa zote mfukoni. Je, ni ngapi zilizonunua dawa? Ngapi ni ujira wa mawakala na madalali, ngapi gharama za ofisi? Kadi haisemi. Sokoni hata debe la viazi hupimwa mbele ya mnunuzi!

Watasema hesabu hizo zitamshinda mkulima. Uongo! Mkulima huyo hubishana na chama cha ushirika juu ya makato mpaka senti ya mwisho. Marekani, kwa mabepari wenyewe, sheria ya mwaka 2010 yazitaka kampuni za bima zitumie kwa matibabu angalau 80 katika kila 100 wanazotozwa watu, zitoe hesabu, na zikikosa ziwarudishie walipaji tofauti.

Twadai kifungu kama hicho, na hesabu ibandikwe kwa Kiswahili katika kila zahanati, Iringa hadi Tukuyu. Mbunge wako akija kijijini, muulize yu upande gani.