Kalamu ya kuchorea isinyimwe kitufe
Na Salma Kibwana

Mchoraji anayetumia kishikwambi hufuta, hurudisha hatua na kubadili brashi mara nyingi mno. Kalamu yake ikikosa kitufe, kila mara hulazimika kuuacha mstari, apeleke mkono pembeni mwa skrini, agonge alama ndogo, kisha arudi alipokuwa. Fikra hukatika hapo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1963, Ivan Sutherland alipoonyesha programu yake ya Sketchpad kule MIT, Marekani, mkono mmoja ulishika kalamu ya mwanga na mwingine ulibonyeza vitufe. Wacom ya Japani ikavileta vitufe kwenye kalamu yenyewe. Kalamu zake nyingi zina viwili ubavuni, nyingine vitatu, na wala hazihitaji betri, kwa kuwa nguvu zinatoka kwenye kibao cha kuchorea. Kidole kinakipata kitufe bila macho kusaidia, na hilo kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Apple ilikataa njia hiyo. Apple Pencil ya 2015 haikuwa na kitufe hata kimoja. Mwaka 2018 tukapewa kugonga ubavu mara mbili, na 2024 Apple Pencil Pro ikaleta kubana kalamu, nayo ikajibu kwa mtetemo. Ni hatua, nakubali. Lakini anayechora tayari ameibana kalamu! Kwa nini amri itolewe kwa tendo lilelile la kushika?

Samsung iliweka kitufe tangu Galaxy Note ya 2011. Baadaye ikakifanya rimoti ya kamera, na mwaka 2025, kwenye Galaxy S25 Ultra, ikaiondoa kazi hiyo. Mimi sikuihuzunikia, maana kupiga picha kwa mbali hakumsaidii mchoraji.

Wapo wanaolalamika kwamba kitufe hubonyezwa bila kukusudia. Ni kweli, hasa kwa mwenye vidole vinene. Basi apewe uchaguzi: Pro Pen 3 ya Wacom inaruhusu kubadili uzito, unene wa mshiko na hata sehemu ya vitufe. Watengenezaji wengine nao wafanye hivyo.

Nawe unayejiandaa kununua, usilipe kabla hujaishika kalamu dukani. Bonyeza kitufe huku unachora, uliza kama kazi yake inabadilishika, na uhakikishe inakubaliana na kishikwambi chako, kwa sababu kalamu nyingi hazifanyi kazi kwenye kifaa cha kampuni nyingine.