Ua la shaba, tulijue kwa jina lake



Juma hili mtoto mmoja wa darasa la tano alituletea maua madogo ya bluu. Aliyachuma njiani, karibu na udongo uliotupwa zamani na wachimbaji. «Mwalimu, haya yanaitwaje?» Tukauliza darasa zima. Wote wakajibu: «Ni majani tu.»

Tuliona haya, maana ua hili ni la kwetu. Hata jina lake la kisayansi limebeba nchi yetu: Haumaniastrum katangense. Kwa Kifaransa huitwa fleur du cuivre, yaani ua la shaba. Ni la jamaa moja na lumbalumba tunayopanda nyumbani. Linavumilia udongo wenye shaba nyingi, ambamo mimea mingi hufa. Ndiyo sababu huota hata mahali wazee wetu walipoyeyusha shaba, kabla ya wazungu kufika. Wataalamu wa mambo ya kale wamelifuata ua hili, wakazikuta tanuru zao.

Sasa tuseme kosa letu. Mwaka jana tulipata kipande cha shamba bila kulipa, cheupe bila miti, chenye maua haya tele. Tukafurahi, tukang'oa maua, tukapanda mahindi. Yaliota mafupi, majani ya manjano, mizizi kama imeungua. Kwanza tulimlaumu aliyetuuzia mbegu. Kisha maneno yakaanza kwamba mama jirani ametuloga, nasi hatukuyakataa. Mama yule hakuwa na kosa lolote. Ua lilikuwa limetuambia mapema, ila hatukujua kulisoma. Tumekwenda kumwomba msamaha, na leo tunamwomba tena mbele yenu.

Basi, mama, kabla ya kushika jembe tuangalie. Si kila ua la bluu ni ua la shaba, wala udongo wa shaba hauna ua hili kila mara. Lakini ukiliona limejaa mahali pasipo miti, karibu na mgodi, kiwanda au lundo la udongo uliochimbwa, usipande hapo. Hata lengalenga ikikubali kuota, usiipeleke kwenye sufuria: mboga za majani hunyonya madini ya udongo. Kuosha huondoa vumbi la juu, hakuondoi kilichoingia ndani ya jani. Wanaoumia kwanza ni watoto wadogo na mama wenye mimba. Afadhali shamba la mbali kuliko mboga ya karibu yenye madhara.

Jioni hii, ukipiga bukari, mwulize mtoto wako kama anajua ua la shaba. Kama hajui, Jumapili tembeeni pamoja, umwonyeshe. Jina ambalo mama hamfundishi mtoto linapotea, na onyo lake linapotea nalo.

Tuonane juma lijalo.