Mhalifu mliyemlea ni wenu

JICHO LA BARAZANI
Na Mwanahamisi Kombo

Tuseme wapo ndugu wawili, tumbo moja. Mkubwa kazaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kwa wazazi Wakongo waliokimbia vita. Akiwa na miaka miwili, familia ikapelekwa Australia kwa viza ya mkimbizi, yenye ukaazi wa kudumu. Mdogo akazaliwa Melbourne, akawa raia siku hiyo hiyo. Wamesoma shule moja na kulala chumba kimoja. Ukubwani wakampiga mtu, wakamnyang'anya, na hakimu akawapa kifungo sawa: miezi 18 kila mmoja.

Mdogo akimaliza kifungo anarudi kwa mama. Mkubwa, akiwa bado gerezani, anapokea barua kwamba viza yake imefutwa.

Hicho ndicho kifungu cha 501 cha Sheria ya Uhamiaji ya Australia. Tangu Desemba 2014, asiye raia aliyehukumiwa miezi 12 au zaidi, naye yuko jela anatumikia kifungo, lazima viza yake ifutwe kwa kushindwa kipimo cha mwenendo. Anapewa siku 28 kuomba arudishiwe. Aliingia nchini na umri gani, ana watoto wangapi huko, hayo huulizwa baadaye, akishaomba.

Simtetei mnyang'anyi. Aliyepigwa ana haki yake, na kila nchi ina mamlaka ya kumtoa mgeni aliyekuja na uovu wake. Lakini huyu hakuja na uovu, alikuja na nepi. Ngumi alijifunza mitaa ile ile aliyojifunzia kusoma. Jacinda Ardern, akiwa Waziri Mkuu wa New Zealand, alilisema hili waziwazi mjini Sydney Februari 2020, Scott Morrison, Waziri Mkuu wa Australia wakati huo, amesimama pembeni yake: Australia isiwahamishie wenzake watu wake pamoja na matatizo yake.

Kwa mkimbizi mambo huwa magumu zaidi, maana sheria inakataza kumrudisha kwenye hatari. Kwa karibu miaka 20 watu wasio na pa kurudishwa waliweza kuwekwa kizuizini bila kikomo, hadi Mahakama Kuu ya Australia ilipolikataa hilo Novemba 2023. Serikali haikukata tamaa. Mwaka 2025 ilikubaliana na Nauru, kisiwa chenye watu wapatao 12,000, iwapokee watu wa namna hiyo kwa malipo. Kijana wa Melbourne anaweza kumaliza kifungo chake, kisha akapelekwa kuishi kisiwani asikomjua hata mtu mmoja.

Hilo si haki. Kosa moja lina adhabu moja, na nchi iliyomlea mtu tangu utotoni haina budi kubaki naye, awe daktari au mfungwa.

Bunge la Canberra halitusikilizi sisi wa huku. Lakini ninyi wazazi mlio huko, fomu ya uraia iko mikononi mwenu. Mtoto wa chini ya miaka 16 anaweza kuingizwa kwenye ombi la mzazi. Akishakua na kupata kesi, mlango huo unakuwa mwembamba sana. Mkishatimiza miaka ya ukaazi inayotakiwa, msingoje mwakani. Jazeni, na majina ya watoto yawemo.